Kulea mifugo wa wengine: Kazi ya uzeeni inayosimama kwa uaminifu na daftari

WATUMISHI wa umma nchini Kenya hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60, tangu serikali ilipoongeza umri huo kutoka miaka 55 mwaka wa 2009. Walio na ulemavu huruhusiwa kuendelea hadi miaka 65. Wengi wao, hasa walimu, wauguzi na maafisa wa nyanjani waliofanya kazi mbali na kwao, hufunga virago na kurejea mashambani.

Katika Kamukuywa, kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Kitale, eneobunge la Kimilili, kaunti ya Bungoma, mstaafu wa aina hiyo aghalabu huwa na mambo matatu: kipande cha ardhi, muda, na jina jema mbele ya majirani. Asichokuwa nacho ni mtaji wa kuchezea.

Kwa upande mwingine, wapo watu wenye tatizo la kinyume. Mfanyakazi wa Nairobi au Eldoret amemnunulia mamake ng'ombe wa gredi, lakini mama amezeeka na kijana aliyekuwa akikata nyasi amekwenda kuendesha bodaboda. Familia iliyopanga nyumba Kitale ina mbwa wawili na inataka kusafiri kwa wiki tatu mwezi wa Desemba. Mwenye mifugo amelazwa hospitalini, na hakuna wa kukamua.

Baina ya makundi haya mawili ipo kazi: kulea wanyama wa wengine kwa malipo, kwa siku, wiki au miezi. Ni kazi inayoweza kumfaa mstaafu kuliko biashara nyingi anazoshawishiwa kuingia siku anapopokea pesa zake. Hata hivyo, inaweza pia kumvunjia heshima aliyoijenga kwa miaka 30 iwapo ataianza kwa maneno matupu.

Kwanza, pesa za uzeeni

Ni vyema mstaafu aelewe hesabu ya malipo yake kabla ya kuzungumzia biashara yoyote. Mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma ulianza Januari 1, 2021. Waliokuwa na umri wa chini ya miaka 45 walilazimika kuingia, nao waliofika umri huo wakaachiwa hiari. Kwa hivyo, wengi wanaofikisha miaka 60 katika miaka hii wangali chini ya utaratibu wa zamani, isipokuwa wale waliochagua kuhama.

Chini ya utaratibu wa zamani, pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha mshahara wa mwaka kwa idadi ya miezi ya utumishi, kisha kugawa kwa 480. Mstaafu huweza kuchukua robo ya pensheni hiyo kwa mkupuo, ikiwa imezidishwa mara 20.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake wa mwisho ni Sh60,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwaka ni Sh720,000. Pensheni yake ni Sh540,000 kwa mwaka. Robo yake ni Sh135,000, ambayo ikizidishwa mara 20 humpa kiinua mgongo cha Sh2.7 milioni. Kinachobaki ni Sh405,000 kwa mwaka, au Sh33,750 kwa mwezi.

Hesabu hii inafundisha jambo moja. Kiinua mgongo huonekana kikubwa kwa sababu hakijawahi kuonekana mkononi kwa pamoja, lakini mapato ya kila mwezi yamepungua karibu nusu. Atakayetumbukiza mamilioni hayo katika basi dogo la abiria au nyumba za kupangisha ambazo hazikamiliki hana mshahara mwingine wa kumwinua akianguka.

Ubora wa kulea mifugo wa wengine ni kwamba mali ghali zaidi, yaani mnyama mwenyewe, hununuliwa na mtu mwingine. Mlezi huchangia banda, maji, lishe, macho na wakati. Anaweza kuanza na ng'ombe wawili katika zizi alilonalo tayari, na kuacha sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake bila kuguswa.

Desturi ya kale

Kazi hii si ngeni katika eneo hili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakulima na wafugaji kwa pamoja, tajiri wa ng'ombe hakuwaweka wote katika boma moja. Alimkabidhi rafiki, shemeji au jirani baadhi yao. Mlezi alikunywa maziwa, akatumia samadi katika shamba lake, na baada ya ng'ombe kuzaa mara kadhaa alipewa ndama awe wake.

Busara ya desturi hiyo ilikuwa wazi. Maradhi yakiingia katika boma moja, au wavamizi wakilipora, mali yote haikupotea kwa siku moja. Asiye na ng'ombe naye alipata njia ya kuanza.

Lakini desturi hiyo iliacha pia kesi nyingi mbele ya wazee. Mwenye ng'ombe alifariki, watoto wake wakaja kudai wanyama ambao idadi yao ilijulikana na wawili tu, na mmoja wa wawili hao alikuwa kaburini. Au mlezi alifariki, na wanawe wakahesabu ng'ombe wa mtu miongoni mwa mali ya baba yao. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ndiyo msingi wa biashara yote inayoelezwa hapa.

Je, mteja ni nani?

Mstaafu wa Kamukuywa anaweza kutazamia makundi manne ya wateja.

Kundi la kwanza ni wenye ng'ombe wa maziwa wanaofanya kazi mbali. Hawa hutaka malezi ya muda mrefu na hulipa kwa mwezi.

La pili ni wenye mifugo waliopatwa na dharura: ugonjwa, msiba, safari, au mfanyakazi kutoroka. Hawa hutaka malezi ya siku chache, na mara nyingi hupendelea mlezi aende kwao asubuhi na jioni badala ya kumhamisha mnyama.

La tatu ni walionunua fahali au mbuzi kwa ajili ya shughuli ijayo. Miongoni mwa Wabukusu, tohara hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na familia inayojiandaa huweza kununua mnyama mapema, bei ikiwa nafuu, na kutafuta mahali pa kumnenepesha.

La nne ni wenye mbwa na paka mijini, hasa Kitale na Bungoma. Kundi hili ni dogo, lakini hulipa kwa siku na hukusanyika katika vipindi vinavyojulikana: Desemba, Pasaka na likizo za shule.

Kuku ni suala tofauti. Ugonjwa wa kideri huenea kwa kasi, na kuchanganya kuku wa nyumba mbalimbali ni kuualika. Anayetaka kuwalea na awafuate kwao, akiwa na viatu na nguo anazotumia huko pekee.

Hesabu ya siku moja

Makosa mengi katika kazi hii hutokea kwenye bei. Mlezi huona nyasi zimeota shambani mwake na kudhani ni za bure.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za lishe kavu kwa siku, ambazo ni sawa na kama kilo 70 za nyasi mbichi za mabingobingo. Ng'ombe wawili kwa siku 30 watamaliza kilo 4,200. Anayesukuma mkokoteni ataelewa uzito wa hesabu hiyo kuliko anayeisoma. Aidha, ng'ombe anayekamuliwa huweza kunywa lita 60 za maji au zaidi kwa siku.

Tuseme nyasi zina thamani ya Sh3 kwa kilo, iwe zimenunuliwa au zingeuzwa kwa jirani. Hizo ni Sh210. Tuongeze kilo mbili za chakula cha madukani kwa Sh40 kila kilo, yaani Sh80. Chumvi, maji na dawa ya kupe tuziwekee Sh20. Mfanyakazi anayelipwa Sh10,000 kwa mwezi na kuhudumia ng'ombe wanne hugharimu karibu Sh83 kwa kila ng'ombe kwa siku. Jumla ni Sh393, na bado hatujakarabati paa la banda wala mstaafu mwenyewe hajapata senti.

Bei hizi ni za mfano, nazo hubadilika kwa msimu na mahali. La muhimu ni njia. Mlezi anayekubali Sh300 kwa siku huku gharama yake ikiwa Sh393 anamlisha ng'ombe wa mwenzake kwa pensheni yake mwenyewe.

Msimu una uzito wake pia. Katika ukanda huu, mvua hupungua mwishoni mwa mwaka, na miezi ya Januari hadi Machi huwa mikavu. Bei iliyokubaliwa Agosti, majani yakiwa tele, itamletea mlezi hasara Februari. Kuna njia mbili za kujikinga: kuandika bei mbili, ya mvua na ya kiangazi, au kuweka akiba ya lishe. Mabua ya mahindi, ambayo hubaki kwa wingi mashambani baada ya mavuno, yakikatwakatwa na kuhifadhiwa vizuri husaidia, ingawa hayatoshi yenyewe kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Tahadhari nyingine inahusu mabingobingo yenyewe. Katika miaka ya 1990, ugonjwa unaodumaza nyasi hizo uligunduliwa Bungoma, na baadaye ukaenea sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya. Shina lililoathirika hutoa majani madogo ya manjano na hukataa kukua baada ya kukatwa. Ugonjwa huo huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, na pia kwa vipandikizi vilivyoambukizwa. Mlezi anayetegemea nyasi hizo achague vipandikizi kutoka shamba safi, ang'oe mashina yaliyodumaa, na apande majani ya aina nyingine pembeni ili asikose vyote kwa pamoja.

Njia tatu za malipo

Zipo njia tatu ambazo pande mbili zinaweza kukubaliana.

Ya kwanza ni malipo ya pesa taslimu kwa siku au mwezi. Maziwa, ndama na kila kitu kingine hubaki mali ya mwenye mnyama. Ni njia safi kuliko zote, na ndiyo inayofaa malezi ya muda mfupi. Ubaya wake ni mteja anayechelewesha malipo huku ng'ombe akiendelea kula.

Ya pili ni kugawana maziwa. Mlezi hugharimia lishe na kuuza maziwa yote au sehemu yake. Ng'ombe akitoa lita 10 kwa siku, na lita ikiuzwa Sh45, mapato ni Sh450. Lakini ng'ombe hutakiwa kupumzishwa asikamuliwe kwa takriban siku 60 kabla ya kuzaa, na hula siku hizo zote. Bila makubaliano kuhusu miezi hiyo miwili, ugomvi ni lazima.

Ya tatu ni kugawana uzao, kama ilivyokuwa zamani. Humfaa mlezi anayetaka kujenga kundi lake polepole. Lakini mimba ya ng'ombe huchukua karibu siku 280, na ndama anaweza kuwa dume au kufa. Mstaafu wa miaka 60 ajiulize kama ana uwezo wa kulisha kwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuona faida.

Samadi isisahauliwe katika yote matatu. Kwa mwenye shamba la mahindi na sukumawiki, mbolea hiyo hupunguza gharama ya ile ya dukani, na kwa desturi hubaki kwa mlezi. Hata hivyo, na iandikwe.

Hofu kubwa ni maradhi

Mlezi anayepokea wanyama kutoka maboma mbalimbali huendesha, apende asipende, kituo cha kukutanisha magonjwa. Ng'ombe mmoja mgonjwa anaweza kuwaua wa wateja wengine na wa mlezi mwenyewe.

Adui wa kwanza ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni na ambao huua ng'ombe wa gredi kwa siku chache usipotibiwa mapema. Majosho mengi ya umma yaliacha kufanya kazi miaka mingi iliyopita, na jukumu la kunyunyizia dawa likaangukia mfugaji. Kwa ng'ombe wa gredi katika maeneo yenye kupe, kazi hiyo hufanywa kila wiki. Ipo pia chanjo iliyoendelezwa katika kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi. Hutolewa mara moja, pamoja na dawa ya kudhibiti ugonjwa, na kinga yake hudumu miaka mingi.

Wa pili ni ugonjwa wa miguu na midomo. Huu mara nyingi hauui ng'ombe mzima, lakini hukausha maziwa na huenea haraka kupita kiasi. Unapozuka, kaunti huweza kufunga masoko na kuzuia mifugo kuhamishwa. Hapo mwenye ng'ombe aliyetaka kumchukua Ijumaa huambiwa asubiri wiki kadhaa. Nani atalipia siku hizo? Swali hilo lijibiwe kabla ya karantini.

Kwa sababu hizi, mlezi na awe na banda la pembeni la mgeni, mbali na mengine, lenye ndoo na kamba zake. Mnyama mpya akae humo wiki mbili hadi tatu akichunguzwa. Asiye na nafasi ya banda hilo ni heri ahudumie wanyama katika maboma ya wenyewe.

Lipo pia jambo linaloonekana dogo lakini linalogharimu sana. Ng'ombe huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hudumu saa chache tu. Mlezi asipoziona, mwenye ng'ombe amepoteza wiki tatu za maziwa ya baadaye. Kanuni ya zamani ya wapandishaji bado ni nzuri: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ifuatayo. Ndiyo maana simu ya mwenye mnyama na ya mpandishaji ziwe zimeandikwa ukutani.

Mbwa na paka

Katika boma la kijijini, mbwa ni mlinzi, na wengi hawaoni haja ya kulipia malezi yake. Mijini mambo yamebadilika. Wapo wanaofuga mbwa wa thamani kubwa, na wapo wanaompenda paka kama mmoja wa jamaa. Kwa mstaafu anayeishi karibu na Kitale, njia rahisi si kujenga vibanda bali kwenda kulala nyumbani kwa mteja, kumlisha mnyama na wakati huohuo kuilinda nyumba. Mnyama hatishiki, na mlezi hagharimii jengo.

Hapa hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na haujaondoka. Ulimwenguni, inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufariki kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Serikali ya Kenya ina mkakati wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030, na nguzo yake ni chanjo ya mbwa.

Kanuni ya mlezi iwe moja isiyo na msamaha: mbwa asiye na cheti cha chanjo ya mwaka huo hapokelewi, hata akiwa wa rafiki. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba huwa karibu haipo.

Sheria inasema nini?

Nchini Uingereza, kulaza mbwa wa watu kwa malipo kulihitaji leseni chini ya sheria ya mwaka wa 1963. Katika sehemu ya England, kanuni mpya za 2018 zilichukua mahali pake, na baraza la mtaa hukagua na kumpa mwenye biashara nyota kuanzia moja hadi tano.

Kenya haijafika hapo, lakini haina ombwe la sheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti na kutunza maslahi ya wanyama, ikiwemo leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwahudumia na kuwazika wanyama. Kwa hivyo, mlango wa kwanza wa mstaafu ni ofisi ya kaunti: idara ya mifugo kwa ushauri na ukaguzi, na idara ya biashara kwa kibali.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humbana pia anayemtunza mnyama, hata asiyemmiliki. Kumnyima mnyama chakula kwa sababu mwenyewe hajalipa si njia ya kudai deni.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, ndiyo inayosimamia karantini na uhamishaji wa mifugo. Anayetoa ng'ombe Trans Nzoia kuwaleta Bungoma apate kibali cha afisa wa mifugo kwanza. Nayo Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao, Sura ya 355, humtaka anayeshukiwa kuwa na mnyama wa wizi aeleze alivyompata. Mlezi mwenye ng'ombe watano wasio wake zizini anahitaji karatasi ya kila mmoja, la sivyo siku ya msako atakosa la kusema.

Atakayeajiri kijana kwa miezi mitatu au zaidi akumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hutaka mkataba wa maandishi.

Yaliyomo katika mkataba

Mkataba wa malezi hauhitaji lugha ngumu. Kurasa mbili za daftari zatosha, zikiwa na sahihi za pande mbili na shahidi kwa kila upande. Mambo yafuatayo yasikosekane:

Maelezo ya mnyama: rangi, alama, umri, namba ya herini, na picha iliyopigwa siku ya kupokelewa.

Thamani yake, ikikadiriwa na daktari wa mifugo, pamoja na hali yake ya afya na chanjo alizopata.

Malipo, tarehe ya kulipa, na malipo ya awali ya angalau mwezi mmoja. Kutuma kwa M-Pesa ni bora kuliko mkononi kwa sababu huacha ushahidi.

Matibabu: ni daktari gani aitwe, na ni kiasi gani mlezi anaweza kutumia bila kusubiri ruhusa. Ng'ombe aliyevimba tumbo usiku hawezi kungoja mwenyewe amalize mkutano Nairobi.

Kifo: nani abebe hasara. Utaratibu wa haki ni kwamba kifo cha ugonjwa au ajali isiyo na uzembe ni hasara ya mwenye mnyama, na kile cha uzembe ni cha mlezi. Daktari aitwe kuthibitisha chanzo kabla ya mzoga kuguswa, picha zipigwe, na herini ihifadhiwe. Mwenye ng'ombe wa thamani kubwa ashauriwe kumkatia bima, nayo gharama iwe yake.

Maziwa, uzao na samadi: vya nani.

Kumchukua mnyama: notisi ya siku ngapi, na itakuwaje mwenyewe asipojitokeza wala kulipa kwa miezi miwili.

Ugumu mkubwa hautoki kwa wageni, hutoka kwa jamaa. Mpwa au shemeji atauliza kwa mshangao ni lini watu wa damu moja walianza kuandikiana. Mstaafu ajibu kwa upole kwamba anaandika kwa sababu ya damu hiyo, ili watoto wao wasije wakagombana. Akitaka kumpunguzia bei jamaa, na apunguze, lakini kiasi hicho nacho kiandikwe.

Mlezi akitangulia

Ng'ombe wa maziwa akitunzwa vyema huweza kuishi miaka mingi, na mlezi wa miaka 65 hana hakika ya kumzika. Hili ndilo jambo ambalo wazee huliepuka kulitaja, nalo ndilo huzaa kesi.

Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu hukusanywa na kugawiwa warithi. Ng'ombe wa mteja si sehemu ya mali hiyo, lakini katika matanga nani atajua? Ng'ombe huweza kuchinjwa kulisha waombolezaji, naye mwenyewe akasikia habari akiwa Mombasa. Mlezi amjulishe mke au mume wake na angalau mtoto mmoja ni wanyama gani wasio wao, na nakala ya daftari ikae kwa mtu wa pili nje ya nyumba hiyo.

Vivyo hivyo mteja akifa, mlezi asimkabidhi mnyama kwa wa kwanza kufika akilia. Aendelee kumtunza, aandike gharama, na kungoja aliyepewa na mahakama barua za kusimamia mirathi, au angalau jina lililoandikwa katika mkataba kuwa la kupokea.

Wa kuanza na wa kuacha

Kazi hii haimfai kila mstaafu. Asiyeweza kuamka alfajiri kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, aiache. Mwenye maumivu ya mgongo na asiye na wa kumsaidia asichukue ng'ombe, ingawa anaweza kuwalea mbuzi au kulala katika nyumba zenye paka. Asiyependa kudai pesa naye atafute msaidizi wa kumdaia.

Anayefaa na aanze na mnyama mmoja wa mtu anayemfahamu, kwa miezi mitatu, akiandika kila siku alichokula, maziwa aliyotoa, dawa aliyopewa na senti iliyotoka. Mwisho wa miezi hiyo daftari litamwambia kama alipata faida au alijitolea. Ndipo aamue kupokea wa pili.

Mwalimu mstaafu huitwa Mwalimu hadi siku yake ya mwisho, na kwa jina hilo ndipo mtu wa mbali atathubutu kumwachia ng'ombe aliyemgharimu mshahara wa miezi kadhaa. Jina hilo halinunuliwi kwa kiinua mgongo, nalo ng'ombe mmoja asiyeandikwa anatosha kulipoteza.